Mtendaji Yuko Wapi? Kauli ya Kutenda na Kauli ya Kutendwa katika Sentensi Tatu za Kiingereza kuhusu Kenya

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu hufunzwa mapema, na kuyarudia mpaka akayachoka, ni zoezi la kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda hadi kauli ya kutendwa. Hupewa "Juma kicked the ball", naye huandika "The ball was kicked by Juma". Akiisha kulimudu zoezi hilo huambiwa jambo la pili: kwamba kauli ya kutenda ndiyo bora, yenye nguvu na uwazi, na kwamba kauli ya kutendwa ni dhaifu, tena ni kimbilio la mtu mwenye jambo la kuficha. Hivyo kijana hutoka shuleni na imani mbili: ya kwanza, kwamba sentensi hizo mbili zina maana moja, ya pili, kwamba moja kati yake ina ila. Imani hizo hazipatani. Ikiwa maana ni moja, ila yatoka wapi? Na ikiwa ila ipo, mbona tunasema maana haikubadilika?

Makala haya yanakusudia kuupima wasia huo wa shuleni, si kwa mifano ya Juma na mpira wake, bali kwa sentensi za Kiingereza zilizoandikwa au kutamkwa juu yetu sisi wenyewe. Tumechagua tatu. Ya kwanza imo katika tamko la serikali ya kikoloni kuhusu vifo vya kambi ya Hola, Machi 1959. Ya pili imo katika taarifa iliyotolewa katika Bunge la Uingereza tarehe 6 Juni 2013 juu ya mateso ya wakati wa Hali ya Hatari. Ya tatu imo katika hotuba ya Mfalme Charles wa Tatu, Nairobi, tarehe 31 Oktoba 2023. Tutajaribu kuonyesha kwamba mtendaji amefichwa katika sentensi hizo kwa njia ambazo wasia wa shuleni hauzitambui, na kwamba msomaji aliyefunzwa kuiogopa kauli ya kutendwa peke yake atapita kando ya maficho hayo bila kuyaona.

Asili ya wasia

Wasia huu haukuzaliwa na walimu wetu. Uliletwa pamoja na vitabu. Huko Marekani, mwongozo wa uandishi wa William Strunk, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1918 na kufanyiwa marekebisho na E. B. White mwaka wa 1959, uliwahimiza waandishi waitumie kauli ya kutenda. Huko Uingereza, George Orwell, katika insha yake ya mwaka wa 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni sita za uandishi, na mojawapo inamkataza mwandishi kutumia kauli ya kutendwa pale ambapo kauli ya kutenda ingefaa. Insha ya Orwell ina uzito wake, kwa sababu mwenyewe alikuwa amehudumu kama afisa wa polisi katika Burma ya kikoloni, naye alijua jinsi dola inavyoyavisha mauaji maneno ya heshima.

Hata hivyo, tukiisoma insha yenyewe kwa makini tunaona ajabu. Orwell ametumia kauli ya kutendwa tangu sentensi yake ya kwanza. Tena pale anapotaka kutuonyesha unyama uliofichwa chini ya neno moja la kiserikali lenye maana ya kuleta amani, anataja vijiji vinavyopigwa mabomu, wanavijiji wanaofukuzwa, ng'ombe wanaopigwa risasi na vibanda vinavyotiwa moto, na vitenzi vyote hivyo amevitia katika kauli ya kutendwa bila kumtaja mtendaji hata mmoja. Je, ukweli umefichika hapo? Haukufichika. Umetokeza waziwazi, kwa kuwa macho yetu yameelekezwa kwa wanaoteswa, ambao ndio neno la kiserikali lilitaka tusiwaone. Orwell mwandishi amemshinda Orwell mtunga kanuni.

Naye mwanaisimu Geoffrey Pullum, katika makala aliyoyaandika mwaka wa 2009, alionyesha kwamba kati ya mifano minne ambayo mwongozo wa Strunk na White unaitoa ili kuikosoa kauli ya kutendwa, mitatu si ya kauli hiyo kabisa. Hili si kosa dogo. Linatuonyesha kwamba wanaoikemea kauli ya kutendwa aghalabu hawaitambui wanapoiona. Wanachokikemea hasa ni hisia fulani ya ulegevu au ya kukwepa, kisha hisia hiyo huitwa kwa jina la kisarufi lisilo lake.

Kauli mbili si sentensi moja

Katika Kiingereza kauli ya kutendwa hujengwa kwa kitenzi kisaidizi, hasa "be", kikifuatwa na umbo la kitenzi kikuu kama "kicked" au "broken". Aliyekuwa mtendwa huwa kiima. Mtendaji huweza kutajwa mwishoni baada ya neno "by", au akaachwa kabisa bila sarufi kudhurika. Jespersen, katika kitabu chake cha mwaka wa 1924 juu ya falsafa ya sarufi, aliona kwamba sentensi nyingi za kutendwa za Kiingereza hazimtaji mtendaji. Kwa hiyo lile zoezi la shuleni, ambalo daima humweka Juma mwishoni baada ya "by", linafundisha kama kawaida umbo ambalo katika matumizi ndilo la uchache.

Wala si kweli kwamba maana haibadiliki kamwe. Chomsky, aliyezihusisha kauli hizi mbili kwa kanuni ya mageuzo mwaka wa 1957, aliona mwenyewe kwamba sentensi isemayo kila mtu chumbani anajua angalau lugha mbili, ikigeuzwa kuwa ya kutendwa katika Kiingereza, yaweza kueleweka vingine: kwamba zipo lugha mbili zilezile ambazo wote wanazijua. Lakini hata pale ambapo ukweli wa tukio haubadiliki, jambo linalozungumzwa hubadilika. "Juma kicked the ball" ni habari za Juma. "The ball was kicked by Juma" ni habari za mpira.

Mswahili hana haja ya kufundishwa hilo na mgeni. Tunaposema "Mcheza kwao hutunzwa", hakuna anayeuliza anatunzwa na nani. Ni na watu wa kwao, na mambo yameisha. Tunaposema "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja", kutotajwa kwa wasemaji ndiko kunakoupa msemo nguvu, kwa sababu uvumi hauna mwenyewe. Methali hizi si dhaifu wala hazifichi kitu. Mtendaji ameachwa kwa kuwa anajulikana, au kwa kuwa ni wengi, au kwa kuwa si yeye anayezungumzwa.

Kioo cha Kiswahili

Iwapo Kiingereza humwacha mwanafunzi wetu gizani kidogo, lugha yake mwenyewe yaweza kumwashia taa. Kiswahili kina minyambuliko miwili inayomweka mtendwa mahali pa kiima: ule wa -w- na ule wa -k-. "Kikombe kilivunjwa" si sawa na "Kikombe kilivunjika". Ashton, katika sarufi yake ya mwaka wa 1944, aliitenganisha kauli ya kutendeka na ile ya kutendwa kwa sababu ya kwanza hueleza hali bila kumrejelea mtendaji. Kipimo chake ni rahisi. Twaweza kusema "Kikombe kilivunjwa na Juma", lakini hatusemi "Kikombe kilivunjika na Juma". Kauli ya kutendwa, hata ikinyamaza kuhusu mtendaji, humwachia mlango wazi, msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Kauli ya kutendeka imeufunga mlango huo, na mwenye kuuliza swali lile hana budi kwanza kuivunja sentensi aliyopewa.

Kiingereza nacho kina njia ya kuufunga mlango, lakini umbo lake ni jingine. Husema "The cup broke". Sentensi hii kisarufi ni ya kutenda. Kiima ni kikombe, kitenzi hakina "be" wala alama yoyote ya kutendwa. Mwalimu anayefuata wasia ataipa alama nzuri, ilhali "The cup was broken" ataipigia mstari mwekundu. Na bado ni hii ya pili inayokiri kwamba kuna mkono uliofanya kazi, na ile ya kwanza ndiyo inayodai kwamba kikombe kilijipasukia. Katika aina hii wamo pia vitenzi sielekezi kama "occur", "happen" na "take place", ambavyo havina kauli ya kutendwa kabisa. Vyote ni vya kutenda kwa umbo, na hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu aliyetenda jambo. Hapa ndipo sentensi zetu tatu zinapoingia.

Hola, 1959

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa na askari wa kambi kwa virungu. Watu 11 waliuawa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Tamko la kwanza la serikali halikutaja kipigo. Lilisema kwamba vifo vile vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwa gari la maji, gari ambalo lilitumiwa na kundi zima la wafanya kazi pamoja na walinzi wao. Uchunguzi wa daktari na wa mahakama ulithibitisha baadaye kwamba sababu ya vifo ilikuwa majeraha ya kupigwa.

Na tuitazame sentensi hiyo kisarufi. Kitenzi chake kikuu katika Kiingereza ni "occurred", nacho ni cha kutenda. Kitenzi cha kishazi kinachofuata, kile cha kunywa maji, nacho ni cha kutenda, na kiima chake ni marehemu wenyewe: wao ndio waliotenda, na walichotenda ni kunywa. Kauli ya kutendwa haionekani mpaka tufike kwenye gari la maji, "which was used by", na hapo mtendaji ametajwa kikamilifu. Kwa kipimo cha shuleni, basi, sentensi hii haina kosa. Imetumia kauli ya kutenda mahali pakuu, na pale ilipotumia kauli ya kutendwa imemtaja mtendaji kwa uaminifu.

Lakini ni mtendaji gani huyo? Ni walinzi. Wauaji wamo ndani ya sentensi. Wamesimama baada ya "by", mahali palepale ambapo sarufi huwaweka watendaji, ila kitendo walichopewa ni kutumia gari la maji. Wanatajwa ili msomaji aone kwamba nao waliyanywa maji yale. Mwandishi wa tamko hakumfuta mtendaji. Alimhamisha kutoka kitendo kimoja hadi kingine. Hakuna kanuni ya kauli ambayo ingeweza kumnasa. Kilichoweza kumnasa ni swali la pili, lililo gumu zaidi: kati ya vitendo vyote vya siku ile, sentensi hii imetaja vipi, na imeacha vipi?

Swali hilo ndilo lililoulizwa Bungeni London mwezi Julai mwaka uleule, na mmoja wa waliolikazania alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, aliyetaka wajibu uwekwe mahali unapostahili. Mjadala ule ulikuwa wa siasa na sheria, lakini kiini chake kilikuwa ni kutafuta kiima cha kitenzi kilichoachwa.

London, 2013

Miaka 54 baadaye, baada ya wazee walionusurika kuishtaki serikali ya Uingereza mjini London, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alilitangazia Bunge mapatano ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika taarifa yake serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa na kutendewa ubaya mikononi mwa utawala wa kikoloni, na ikasema inasikitika kwa dhati kwamba maovu hayo yalitokea.

Hapa kuna vitenzi vya namna tatu. Vile vya kukiri na kusikitika ni vya kutenda, na kiima chake ni serikali ya Uingereza ya leo. Maneno ya mateso yana maana ya kutendwa, na mtendaji ametajwa: ni utawala wa kikoloni, aliyeletwa si kwa "by" bali kwa msemo wa "at the hands of". Kisha pale penye majuto kitenzi ni "took place", yaani yalitokea, na mtendaji ametoweka tena.

Msomaji wa haraka angesema kwamba kosa liko katika "took place". Sisi tunaona kwamba jambo zito zaidi liko pale mtendaji alipotajwa. Taarifa ileile iliendelea kukana kwamba serikali ya leo ina dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Kwa hiyo utawala wa kikoloni ulipotajwa kuwa mtendaji, ulitajwa ili utengwe na yule anayesikitika. Kiima cha majuto ni mmoja, mtendaji wa mateso ni mwingine, na sentensi imejengwa hivi kwamba wawili hao wasikutane. Tukisisitiza tu kwamba mtendaji atajwe, tutaridhika mapema mno. Mtendaji aliyetajwa anaweza kuwa ukuta vilevile kama asiyetajwa.

Nairobi, 2023

Tarehe 31 Oktoba 2023, katika karamu ya kitaifa, Mfalme Charles alisema kwamba kulikuwa na vitendo vya kuchukiza vya ukatili, visivyoweza kuhalalishwa, vilivyotendwa dhidi ya Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru, na kwamba hapawezi kuwa na udhuru kwa hayo. Hakutamka ombi la msamaha.

Sentensi hii ndiyo pekee kati ya zetu tatu inayolingana na lawama ya vitabu. "Committed" ni umbo la kutendwa, na hakuna "by" baada yake. Lakini ni haki kuisoma yote. Kwanza, imeanza kwa "there were", muundo wa kueleza kuwapo kwa jambo, na ni muundo huo hasa unaovifanya vitendo vile vionekane kama vitu vilivyokuwako, mfano wa mawe au ukungu. Pili, sifa alizozitumia ni kali, na maneno ya mwisho yanafunga njia ya visingizio. Ukali huo haupatikani katika tamko la 1959 wala katika majuto ya 2013. Tatu, na hili ndilo tunaloliona kuwa la maana kuliko yote, mna kitenzi kimoja cha kutenda chenye kiima cha watu: Wakenya ndio waliopigana. Katika sentensi nzima wenye mikono ni Wakenya peke yao. Ukatili hauna mkono.

Na bado "committed", kwa kuwa ni ya kutendwa, imeuacha mlango wazi. Mtu yeyote anaweza kuuliza "By whom?" na sentensi ikakubali kujibiwa bila kuvunjwa. Tamko la 1959 halikubali swali hilo. Kwa hiyo, katika sentensi hizi tatu, ile yenye kauli ya kutendwa iliyo wazi zaidi ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, na ile yenye kauli ya kutenda ndiyo iliyo uongo mtupu. Wasia wa shuleni ungetupangia kinyume.

Mfasiri na mwalimu

Hitimisho la kwanza linamhusu mfasiri. Magazeti na redio zetu hutafsiri matamko ya Kiingereza kila siku, na wenye kutafsiri hupenda mno kauli ya kutendeka. "Mistakes were made" huwa "makosa yalifanyika", ilhali Kiingereza kimesema "yalifanywa". Mlango ambao mwenye kusema aliuacha wazi, hata kama ni kwa bahati, mfasiri wetu ameufunga kwa hiari yake. Maneno ya 2023 yakitafsiriwa "vitendo vilivyotendeka dhidi ya Wakenya", tumemfanyia Mfalme hisani ambayo hakuiomba. Kwa upande mwingine, "took place" ya 2013 yafaa ibaki "yalitokea". Anayeandika "yalitendwa" amempa msemaji ukweli ambao hakuutamka. Uaminifu wa mfasiri ni kuuhifadhi mlango katika hali aliyoukuta.

Kanuni hiyohiyo yatufaa tunapoandika habari zetu wenyewe bila tafsiri yoyote. Nyumba za maskini "zilibomoka" au "zilibomolewa"? Fedha za umma "zilipotea" au "ziliibwa"? Kijana "alipoteza maisha" au "aliuawa"? Wa mwisho katika kila jozi ni kitenzi cha kutendwa, nacho ndicho chenye ujasiri.

Hitimisho la pili linamhusu mwalimu wa Kiingereza. Hatusemi aliache zoezi la kugeuza kauli; umbo la lugha halina budi kujulikana. Tunasema asilifunge kwa hukumu kwamba kauli moja ni njema na nyingine mbaya. Afadhali amfunze mwanafunzi maswali matatu, na ayaulize mbele ya kila sentensi yenye uzito: Kiima ni nani? Mtendaji yuko wapi, na amepewa kitendo gani? Kitendo gani hakikutajwa? Mwanafunzi mwenye maswali hayo angeisoma sentensi ya gari la maji na kushtuka. Mwenye kanuni ya "epuka kauli ya kutendwa" angeisahihisha sehemu ya mwisho tu, akaandika kwamba walinzi walilitumia gari la maji, akapewa alama kamili.

Mwisho, tuwakumbuke wazee walioeleza mahakamani yaliyowapata. Mtu aliyeteswa husema "nilipigwa", "nilifungwa", "nilinyimwa maji". Yeye ndiye kiima, na kitenzi ni cha kutendwa, kwa kuwa habari ni zake na maumivu ni yake. Mwandishi atakayemsahihisha, akamlazimisha aanze na jina la askari, atakuwa amemwondoa mzee katika nafasi ya kwanza ya habari yake mwenyewe. Kauli ya kutendwa ilikuwa kauli ya wanyonge kabla haijawa kauli ya wakubwa, na si haki wanyonge wanyang'anywe kwa sababu wakubwa waliitumia vibaya.